Nakamichi: Ubora Uliojengwa Juu ya Kasoro

Tarehe 1 Oktoba 1982, Sony iliingiza sokoni nchini Japani mashine ya CDP-101, ya kwanza ya kucheza CD kuuzwa kwa umma. Bei yake ilikuwa yeni 168,000. Kabla mwaka huo haujaisha, kampuni nyingine ya Tokyo, Nakamichi, ilitoa kinasa sauti cha kaseti kilichopewa jina la Dragon, kwa yeni 260,000. Kilikuwa kinasa sauti kilichoikabili kasoro kuu ya kaseti vizuri zaidi kuliko kingine chochote kabla yake, na mafundi wengi hadi leo wanakihesabu kuwa kilele cha teknolojia hiyo. Miaka 20 baadaye Nakamichi ilikuwa imefilisika.

Simulizi ya kawaida inaziunganisha tarehe hizi kwa mstari ulionyooka: CD ilikuja, kaseti ikafa, Nakamichi ikafuata. Maelezo hayo ni mepesi mno. Miaka 20 ni muda wa kutosha kwa kampuni yenye wahandisi wa kiwango kile kubadili bidhaa mara kadhaa, na kweli ilibadili. Tena, mauzo ya kaseti duniani hayakuanguka mwaka 1982. Yaliendelea kupanda kwa miaka kadhaa. Ikiwa soko la kaseti lilikuwa linakua wakati Nakamichi inaanza kudhoofika, basi kilichoiangusha hakikuwa kifo cha kaseti. Inabidi kwanza kujua ni kitu gani hasa kampuni hii ilikuwa ikiuza.

Ilianzishwa mwaka 1948 na Etsuro Nakamichi, na mdogo wake Niro, mhandisi, akawa nguzo ya usanifu wake. Katika miaka ya 1950 ilianza kutengeneza yenyewe vichwa vya sumaku, yaani sehemu zinazoandika na kusoma sauti juu ya utepe. Kwa muda mrefu mnunuzi wa kawaida hakulijua jina lake, kwa sababu iliunda mashine zilizouzwa kwa majina ya wengine, yakiwemo Harman Kardon, Fisher na Advent. Kipindi hicho cha kufanya kazi nyuma ya majina ya wengine kiliipa maarifa ambayo wauzaji wenyewe hawakuwa nayo: ilijua utepe unashindwa wapi, na kwa nini.

Kaseti ilikuwa na mengi ya kushindwa. Philips iliitambulisha mwaka 1963 kama chombo cha kunasa imla na mazungumzo ya ofisini, si muziki. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine za studio za wakati huo zilitumia utepe mpana zaidi uliokimbia sentimita 38 kwa sekunde, mara nane ya kasi hiyo. Mwendo mdogo una adhabu yake. Sauti ya masafa ya 20,000 Hz, kikomo cha juu cha sikio la binadamu, inapoandikwa kwenye kaseti, urefu wa wimbi lake moja juu ya utepe hauzidi mikromita 2.4. Unywele wa mtu una unene wa mara 20 au 30 ya hapo. Ili kichwa kilisome wimbi hilo, ufa wake lazima uwe mwembamba kuliko wimbi lenyewe, na lazima usimame wima kabisa dhidi ya mwelekeo wa utepe.

Neno "kabisa" hapa linapimika. Njia ya chaneli moja ya stereo kwenye kaseti ina upana wa takriban milimita 0.6. Kichwa kinachosoma kikipinda kwa sehemu moja ya kumi ya digrii tu kulinganisha na kile kilichorekodi, sauti ya 20,000 Hz hupungua kwa takriban desibeli 3. Kikipinda karibu robo ya digrii, inafutika yote, kwa sababu kwa kila sehemu ya ufa inayosoma kilele cha wimbi kuna nyingine inayosoma bonde. Wahandisi huiita pembe hiyo azimuthi. Hakuna mashine mbili za kawaida zilizokuwa na pembe ileile, na ganda la plastiki la kaseti lenyewe huongeza upindaji wake. Msikilizaji wa Mombasa au Unguja aliyenunua kaseti ya taarabu iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine anaufahamu uharibifu huu hata kama hajawahi kusikia jina lake: fidla zimefifia, herufi za "s" zimemezwa, na kila nakala ina giza kuliko iliyotangulia.

Hapo ndipo Nakamichi ilipoweka biashara yake. Mwaka 1973 ilitoa kwa jina lake yenyewe modeli 1000 na 700, vinasa sauti vya kaseti vyenye vichwa vitatu: cha kufuta, cha kuandika na cha kusoma, kila kimoja peke yake. Kazi hizi mbili za mwisho zinataka ufa wa ukubwa tofauti. Cha kuandika kinafaidika na ufa mpana kidogo, cha kusoma kinahitaji mwembamba sana. Mashine za kawaida zilitumia kichwa kimoja kwa kazi zote mbili na kupata matokeo ya katikati. Katika mashine zake Nakamichi iliongeza pia kifaa kidogo cha kusukuma nyuma kipande cha sponji kilichomo ndani ya kila kaseti, ambacho kazi yake ni kuubana utepe kwenye kichwa, kwa hoja kwamba msuguano wake unautetemesha utepe. Utepe ukashikwa kwa mvutano wa mihimili miwili, baadaye ya vipenyo tofauti kwa makusudi, ili mitikisiko ya mmoja isipatane na ya mwenzake.

Mwaka 1982 Dragon ilikwenda mbali zaidi. Kichwa chake cha kusoma kiligawa njia ya chaneli moja mara mbili, kikalinganisha muda ambao wimbi lilifika kila nusu, kisha mota ndogo ikakigeuza kichwa mpaka nusu hizo mbili zikubaliane, utepe ukiwa unaendelea kucheza. Mashine ilijirekebisha kwa kila kaseti, hata iliyorekodiwa na mashine mbovu. Mwaka uliofuata ilitoka RX-505, ambayo kaseti ikifika mwisho wa upande mmoja, mashine huitoa nje, huigeuza nzima nzima na kuirudisha, kwa sababu kugeuza kichwa badala ya kaseti kungevuruga pembe. Filamu ya *9½ Weeks* ya mwaka 1986 iliionyesha ikifanya hivyo, na haishangazi, maana ni mitambo michache ya sebuleni iliyowahi kuvutia macho kiasi hicho kwa ajili ya tatizo ambalo mtazamaji hawezi kuliona.

Ukizitazama bidhaa hizi pamoja, muundo wa biashara unajitokeza. Kimsingi Nakamichi haikuwa ikiuza muziki, wala kaseti. Ilikuwa ikiuza pengo lililokuwepo kati ya kile ambacho kaseti hutoa kwa kawaida na kile ambacho ingeweza kutoa kama kila kitu kingekuwa sawa. Pengo hilo lilikuwa kubwa, na ndilo lililohalalisha bei. Modeli 1000ZXL ya mwaka 1980 iliuzwa Japani kwa yeni 550,000. Lakini pengo halikuwa mali ya Nakamichi. Viwango vya kaseti vilikuwa vya Philips, utepe ulikuwa wa makampuni ya kemikali, mfumo wa kupunguza mvumo ulikuwa wa Dolby. Kampuni iliishi kwa kasoro ya chombo ambacho haikukimiliki na ambacho haikuwa na sauti juu ya mustakabali wake.

CD haikulijaza pengo hilo. Ililiondoa. Dragon kwenye karatasi zake ilidai kuyumba kwa mwendo kwa asilimia 0.019 na nafasi ya takriban desibeli 72 kati ya muziki na mvumo kwa kutumia Dolby C, takwimu za kustaajabisha kwa kaseti. CD yenye biti 16 ina nafasi ya kinadharia ya zaidi ya desibeli 90, na kuyumba kwa mwendo hakupimiki, kwa kuwa muda wake unaongozwa na fuwele ya kwatzi, si na mpira na mota. Muhimu zaidi ni kwamba sifa hizo hazikutegemea bei. Novemba 1984 Sony ilitoa kicheza CD cha kubebeka, D-50, kwa chini ya yeni 50,000. Mwendo wake ulikuwa thabiti sawa na wa mashine yoyote ya CD ya bei mara kumi yake. Katika kaseti, fedha zilinunua usahihi uliopimika na uliosikika. Katika CD, sehemu kubwa ya usahihi ilikuja bure ndani ya kiwango chenyewe.

Athari ya pili haikuonekana haraka, na huenda ndiyo iliyoumiza zaidi. Mnunuzi wa Nakamichi alikuwa nani? Kwa sehemu kubwa alikuwa mwenye santuri. Sindano huila santuri kila inapopita, kwa hiyo mpenzi wa muziki alinunua santuri mpya, akainakili mara moja kwenye utepe mzuri, kisha akasikiliza utepe. Kinasa sauti cha gharama kilikuwa kinga ya mali nyingine ya gharama. CD haisuguliwi na kitu. Sababu ya kunakili kwa ubora wa juu ikaondoka. Zikabaki sababu za kunakili kwa ajili ya gari na kwa ajili ya kutembea nayo. Kwa kazi hizo kinasa sauti cha bei ya wastani kilitosha, kwa sababu mngurumo wa injini unafunika kila kitu ambacho Dragon ilikuwa imekiokoa.

Takwimu za jumla hazikuweza kuuonyesha mwelekeo huo. Walkman ilikuwa imetoka mwaka 1979. Redio kaseti na kaseti za magari zilisambaa kila bara. Nchini Marekani kaseti iliipita santuri kwa idadi ya mauzo katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 na haikupitwa na CD mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliyeangalia mauzo ya kaseti pekee aliona chombo chenye afya. Ndani ya ukuaji huo, tabaka la juu lilikuwa linaondoka kimyakimya. Soko likikua kutoka chini huku likipungua kutoka juu, jumla yake bado inapanda, na kampuni iliyoko juu inaweza kukusoma kupanda huko kama dalili ya usalama wake.

Septemba 1985 likaja pigo lisilohusiana na sauti hata kidogo. Mawaziri wa fedha wa nchi tano walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha thamani ya dola. Dola iliyokuwa na thamani ya takriban yeni 240 ilishuka hadi takriban 150 ndani ya mwaka mmoja na nusu, kisha hadi karibu 125 mwaka 1988. Hesabu ni rahisi: mashine ya yeni 260,000 inayobadilishwa kwa 240 ni dola 1,083, kwa 130 ni dola 2,000, bila skrubu moja kuongezwa. Washindani wakubwa wa Japani walihamishia sehemu ya viwanda vyao Asia ya Kusini-Mashariki. Kampuni ndogo iliyotegemea vichwa vilivyopangwa na mafundi wachache wenye uzoefu haikuwa na uhuru huo. Kilichokuwa kinga yake dhidi ya waigaji kiliizuia pia kupunguza gharama.

Haitakuwa haki kudai kwamba ilikaa kimya. Ilitengeneza vicheza CD. Ilitengeneza TX-1000, kicheza santuri kilichopima kama tundu la katikati la santuri liko mahali pake na kuisogeza santuri likiwa limekaa upande. Kasoro nyingine ya chombo cha wengine, ikarekebishwa kwa gharama kubwa sana, wakati santuri yenyewe inakaribia kuagwa. Ilitengeneza TD-1200, kinasa kaseti cha gari chenye urekebishaji wa pembe kama wa Dragon. Ilipotaka kuuza amplifaya kubwa katikati ya miaka ya 1980, ilinunua leseni ya sakiti ya Stasis kutoka kampuni ya Threshold ya Marekani, ubunifu wa Nelson Pass. Amplifaya hizo zinasifiwa hadi leo. Hata hivyo leseni ni ushahidi: nje ya utepe, Nakamichi haikuwa na kitu chake ambacho wengine hawakukijua.

Dau lake kubwa zaidi lilikuwa DAT, utepe wa kidijitali ambao Sony iliuingiza sokoni mwaka 1987. Kwa mantiki ya ndani ya kampuni uchaguzi huu ulikuwa sahihi kabisa. Ulikuwa utepe, ulihitaji vichwa na mitambo ya usahihi wa hali ya juu, na ulikuwa wa kidijitali. Nakamichi ikaupa mashine iliyobeba namba yake ya heshima, 1000. Lakini makampuni ya muziki yaliiona DAT kama chombo cha kunakili CD bila hasara, yakaipinga kwa miaka mitano, na sheria ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu kurekodi nyumbani ikaja na kizuizi cha kunakili nakala pamoja na tozo. DAT ikaishia studioni na kwa watangazaji. Kwa mara nyingine hatima ya kampuni ilikuwa imeamuliwa katika chumba ambacho yenyewe haikuwa na kiti.

Kilichobaki na thamani inayokua kilikuwa jina. Mwaka 1989 Toyota ilipozindua Lexus LS 400, mnunuzi aliweza kulipia zaidi apate mfumo wa sauti wa Nakamichi. Kwa mamilioni ya watu ambao wasingeingia kamwe katika duka la vinasa sauti, jina hilo likawa na maana ya kiti cha ngozi na ukimya wa gari la kifahari. Mfumo wa gari ni bidhaa ya mkataba. Mtengenezaji wa gari ndiye anayepanga bei na ndiye anayeweza kubadilisha jina. Lexus LS 430 ilipokuja mwaka 2000, jina lililokuwa kwenye spika zake lilikuwa Mark Levinson, mali ya kundi la Harman.

Kufikia hapo umiliki ulikuwa umeshahama. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Nakamichi iliingia mikononi mwa Grande Holdings, kundi la biashara la Hong Kong ambalo lilishika pia majina ya Akai na Sansui. Niro Nakamichi aliondoka, akaenda kutengeneza vifaa chini ya jina lake mwenyewe. Wapenzi wengi wa sauti huanzia hapa kusimulia anguko, na huwalaumu wamiliki wapya. Mpangilio wa matukio hauwaungi mkono. Isipokuwa kupoteza Lexus, sababu zote zilizotajwa zilikuwa zimekamilika kabla ya mauzo hayo. Kampuni yenye faida na njia mbele yake haijiuzi kwa mkusanyaji wa majina. Wamiliki wapya waliuza mifumo myembamba ya mapambo iliyoitwa SoundSpace, mwaka 2002 kampuni ya Japani ikafilisika, na jina likaendelea na safari yake bila kiwanda. Leo limebandikwa kwenye redio za gari za bei ndogo na kwenye spika za televisheni. Hata jina la Dragon limetumika upya kwa mfumo wa spika za sebuleni ambao hauna uhusiano wowote na utepe.

Kama hasara ingekuwa ya wanahisa tu, makala hii ingeishia hapa. Lakini kampuni ya aina hii inapokufa, huenda na uwezo ambao haukuandikwa mahali pamoja: namna ya kusaga ufa wa kichwa hadi chini ya mikromita moja, namna ya kukipanga, namna ya kukijaribu. Mashine zilizobaki zinazeeka. Kapasita zake zinavuja, mipira inakakamaa, vichwa vinalika, na sakiti maalumu za Dragon hazitengenezwi tena. Dragon moja inafufuliwa kwa kuchinja nyingine, kwa hiyo kila tengenezo linapunguza akiba ya dunia. Kaseti imepata wapenzi wapya Ulaya na Marekani katika miaka ya karibuni, ila mashine mpya nyingi zimejengwa juu ya mtambo mmoja rahisi unaoigwa na viwanda vya China, wenye mwendo unaoyumba na kichwa cha kawaida, bila Dolby halisi. Mahitaji yamerudi, maarifa hayajarudi.

Wakati huohuo kanda bado zipo. Katika mradi wa tahadhari kuhusu kanda za sumaku uliofanywa miaka ya 2019 na 2020, UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, waliuonya ulimwengu kwamba mashine za kuzisomea kanda zitakuwa zimeadimika kufikia takriban mwaka 2025. Onyo hilo linagusa pwani ya Afrika Mashariki kwa namna yake, kwa sababu hapa kaseti haikuwa nakala ya santuri. Mara nyingi ilikuwa rekodi pekee: harusi iliyoimbwa na kikundi cha taarabu usiku mmoja, mawaidha ya msikitini, utenzi uliosomwa na mzee ambaye hakuuandika.

Kwa mwenye kanda kama hizo, awe na kituo cha redio au sanduku chini ya kitanda, kazi ya kuzihamisha haifai kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Atangulize zile zisizo na nakala nyingine, atafute mashine yenye afya ingali inapatikana, na fundi asianze kunakili kabla hajarekebisha pembe ya kichwa kwa kila kaseti, moja baada ya nyingine. Masafa yaliyopotea kwenye kichwa kilichopinda hayaingii kwenye faili, na hakuna programu ya kompyuta itakayoyarudisha baadaye.